Debe Tupu Imepata Wera

Wacha niwape stori ya venye sindano moja ilinikosesha doo.

Mi ni chali wa Umo na nafumanga marvin, zile kofia za uzi. Ndio, chali, na nafuma. Pale baze walinicheka wiki nzima. Wiki ya pili jamaa mmoja akanivuta kando akaniuliza polepole kama naeza mfumia nyeusi. Wiki ya tatu walikuwa wanapanga laini. Sasa Ijumaa moja mbogi ya wasee sita wakaagiza marvin sita, kijani na nyeusi, wanazitaka Jumapili asubuhi bila stori. Nusu ya doo ikatumwa hapo hapo. Nikafika keja, nikabandika chai, nikatoa uzi, nikanyoosha mkono nichukue sindano ya krosheti, ile ya milimita tano. Haiko.

Keja yangu ni bedsita. Naishi na sistee mdogo, yeye ako kampo na anatunganga shanga. Kwa hio chumba moja kuna kitanda, godoro ya kukunja, meko, mitungi za maji, viatu, uzi rangi kumi, na shanga mingi kama mchanga ya bichi ya Pirates. Tukasaka. Chini ya kitanda, ndani ya viatu, ndani ya sufuria. Sistee akashusha mkebe ya aiskrimu kutoka juu ya kabati, akafungua na matumaini yote, akapata madondo ya juzi. Saa sita usiku bado tulikuwa sakafuni na tochi za simu.

Sindano ya kuazima nilipata Jumamosi mchana. Jumapili nikatoa marvin nne. Wenye zile mbili zilibaki wakakataa kungoja, na doo yao ikarudi kwao. Jumatatu tukifagia, sindano ndo hio ndani ya mkebe ya Blue Band, imelala na chaja imekufa, betri tatu zimetoa maji, na funguo ya kufuli yenye hata hatuna.

Tukahesabu mikebe zenye ziko kwa hio keja. Kumi na saba! Aiskrimu, siagi, maziwa ya unga, kahawa, jeli ya mwili, ndoo ya rangi yenye mafundi waliwacha kwa ngazi. Kumi na saba, na bado sindano imepotea. Hapo ndo niliona ukweli: vyombo tulikuwa nazo hadi za kumwaga, lakini hakuna hata moja ilikuwa na wera. Zote zilikuwa zimekaa tu zinangoja, kama wasee wa mtaa asubuhi pale kwa mjengo.

Mathee alikuwa amefika kitambo

Kabla mtu aniambie kupea mikebe wera ni fasheni ya YouTube, si tuongee ukweli. Huku kwetu mkebe tupu haijawai kuwa takataka. Mkebe imetupea hadi lugha. Debe ilikuwa mkebe kubwa ya mafuta ya taa. Mafuta ikiisha, watu wakapimia nayo mahindi, wakachotea maji, na jina ikabaki kwa kipimo hadi leo. Gorogoro hivo hivo: ni ile mkebe ya mafuta ya kupika ya kilo mbili, ikaenda soko ikawa ndo mizani. Ukienda kwa mama wa nafaka hasemi kilo mbili, anasema gorogoro, na anaijaza hadi inafanya mlima juu. Msee wa kuita abiria kule Bongo anaitwa mpiga debe. Mwanasiasa akitafuta kura anapigiwa debe. Na wazee walishasema debe tupu haliachi kuvuma.

Shosho wangu alikuwa na koroboi, ile taa ya mkebe, utambi katikati na moshi ya kuchora dari. Nje kwa mlango alikuwa na maua kwa mikebe za Kimbo, zimepangwa kama wanafunzi kwa asembli. Ukishuka Kamkunji leo bado utaskia nyundo. Wale mafundi wanakunja bati inatoka jiko, karai, mikebe za kupimia, na zile boksi za mabati zenye kila mtoto wa bording alipelekwa nazo shule, jina imeandikwa na rangi nyeupe. Boksi yangu nko nayo hadi sai. Ndo meza yetu.

Halafu kuna stori ya juala. Kitambo kila keja Kanairo ilikuwa na ile juala kubwa imening'inia nyuma ya mlango, ndani imejaa juala zingine. Hapo ndo vitu zote zilikuwa zinakaa: uzi, vifungo, nguo za kurekebishwa, risiti. Tarehe 28 Agosti 2017 serikali ikapiga juala marufuku, na faini ilikuwa ya kutetemesha, kuanzia milioni mbili hadi milioni nne. Juala ikatoka nyuma ya mlango. Masa wengi wakahamia kwa ndoo na mikebe bila kelele yoyote, hakuna mtu alipiga picha. Ile mkebe ya blue ya biskuti, yenye ukifungua ukiwa mtoi unapata sindano na nyuzi badala ya biskuti, ilivunja roho za watoi wengi, lakini masa alikuwa anajua sindano iko wapi. Mimi na masomo yangu yote sikuwa najua.

Intavyuu ya mkebe

Watu wengi wanaanza hii kitu na mguu mbaya. Wanaona picha ya mkebe imevalishwa kamba na maua, wanakimbia kutengeneza kumi, wanapanga kwa dirisha, halafu wanaanza kuuliza, sasa nitaweka nini? Jibu ni hakuna. Baada ya mwezi zinashika vumbi na keja imejaa takataka yenye imedunga suti.

Geuza. Anza na vitu, mkebe ikuje mwisho. Sisi tulimwaga kila kitu kwa kitanda: uzi, sindano, shanga, mkasi, vifungo, waya, vishikizo za bangili, nyuzi za kutungia. Tukatenganisha kulingana na wera, maanake hapo ndo watu huchanganyikiwa. Vitu za rangi moja si familia moja. Familia ni vitu zenye unashika pamoja. Nikikaa kufuma nahitaji sindano, mkasi mdogo, futi ya kupimia na sindano ya kumalizia ncha. Hizo nne zinaingia mkebe moja, hata kama hazifanani. Sistee akikaa kutunga anahitaji koleo ndogo, vishikizo na uzi ya kutungia. Hio ni mkebe ingine.

Ndo sasa mkebe inaitwa intavyuu. Maswali ni tatu tu.

Ya kwanza: mkono inafika chini? Chupa ya shingo nyembamba inakaa fiti kwa picha, lakini ukitaka shanga tano lazima umwage mia tatu kwa kitanda. Shanga inataka chombo pana na fupi, kama ile ya siagi. Vitu ndefu kama sindano na brashi zinataka mkebe refu, lakini isizidi urefu yao, ndio vichwa zikae nje uzione.

Ya pili: unaishika mara ngapi? Kitu ya kila siku haitaki kifuniko, ju hio kifuniko utaipoteza wiki ya kwanza. Kitu ya kushika kutu ama kushika vumbi inataka kifuniko ya kukaza.

Ya tatu: utajuaje iko nini ndani bila kufungua? Plastiki ya kuona ndani imejijibu. Zingine zote, sistee alileta ujanja mkali: gundisha moja nje. Mkebe ya vifungo ina kifungo mbele. Ya shanga nyekundu ina shanga tatu nyekundu. Ya uzi imefungwa na uzi yenye iko ndani. Hata mgeni mwenye hajui kusoma jina zetu anaipata.

Zenye zilianguka intavyuu hatukuzionea huruma. Kati ya kumi na saba tukabaki na tisa. Zile nane zikaenda na jamaa wa skrapu, yule anapitanga na mkokoteni akiita chupa na vyuma. Alitupea mbao na tukashukuru.

Mkebe ya maziwa na leso ya shosh

Sasa tuingie kazi. Nitawashow moja tu polepole, ju ukijua hio moja zingine zote ni ndugu zake.

Nilianza na mkebe ya maziwa ya unga, zile za mtoi, jirani alikuwa anatupa. Kitu ya kwanza ni mdomo. Ukishatoa ile karatasi ya fedha ya juu, kuna kipande inabaki imeng'ang'ania ukingo ndani, na hio ni wembe. Mi ilinikata kidole ya shahada, na uzi ya kwanza nilishika baadaye ikaingia damu. Chukua mgongo wa kijiko, bonyeza ukizungusha hadi ilale kabisa. Halafu pitisha msasa kidogo.

Karatasi ya nje iloweke kwa maji moto na sabuni. Ikitoka, itawacha gundi ya kunata yenye maji haitoi. Usipigane nayo na kisu. Paka mafuta ya kupika, wacha dakika kumi, sugua na kitambaa, osha tena na sabuni ndio mafuta yote itoke. Anika juani na mdomo ikiangalia chini. Hapa watu huharakisha wanachoma picha: tone moja ya maji ikibaki kwa mkunjo wa chini, kutu inaanza ndani, na kwa miezi mbili uzi yako iko na madoa ya kahawia.

Kitambaa ilitoka kwa shosh. Alikuwa na leso imeraruka katikati, imebeba kuni na wajukuu hadi ikachoka. Nikampigia.

"Shosh, naomba ile leso imeraruka."

"Ya nini?"

"Nataka kuvalisha mkebe."

Akanyamaza. Nadhani alikuwa anajiuliza kama karo ya hii familia ilipotea bure. Halafu akasema, "Chukua, mjukuu wangu. Lakini hayo maandishi usiyakate."

Shosh alijua. Leso iko na pindo pande zote, iko na mji katikati, na chini ya mji iko na jina, ile sentensi ya herufi kubwa. Ukikata leso ovyo unaua jina. Yake ilikuwa inasema HABA NA HABA HUJAZA KIBABA. Cheki hio bahati: kibaba yenyewe ni chombo ya kupimia. Mkebe inavalishwa maneno ya mkebe.

Kupima hauhitaji hesabu ya odijo. Zungusha uzi kwa tumbo ya mkebe, kata, nyoosha kwa meza. Yangu ilikuwa sentimita 40. Pima na urefu pia. Ongeza mbili kwa upana ndio ncha zipandane, na moja moja juu na chini ya kukunja. Nikaweka kipande ili jina ipite katikati ya tumbo. Sentensi inazunguka mkebe yote, so ukitaka kusoma hadi mwisho lazima uizungushe na mkono. Kila mgeni lazima aizungushe.

Gundi ni ile nyeupe ya mafundi wa mbao. Ongeza maji kidogo tu, iwe kama uji mwepesi. Piga mkebe msasa kwanza, ju bati laini haishiki. Paka nyembamba na brashi, na upake kipande kwa kipande, usipake mkebe yote mara moja itakauka kabla ufike. Laza ncha ya leso, halafu bingirisha mkebe juu ya kitambaa. Usivute kitambaa juu ya mkebe, ukivuta maandishi inapinda na shosh ataona. Viputo zisukume nje na kadi ngumu yoyote ya kitambo, kutoka katikati ukienda pembeni. Kunja juu ndani ya mdomo, kunja chini. Wacha ilale hadi asubuhi.

Siku ya pili nikamalizia na kamba ya katani, mizunguko sita chini na sita juu. Hii kamba nayo iko na stori. Katani asili yake ni Mexico, iliingia Tanganyika 1893, na miche zenye zilifika zikiwa hai zilikuwa 62 tu. Kutoka kwa hizo 62 ikatoka mashamba hadi macho inachoka. Shosh na leso yake hawakudanganya. Kamba ya finje inatosha mikebe tatu. Anzia nyuma penye kitambaa imeungana, ficha ncha chini ya mzunguko wa kwanza, kaza kila mzunguko ikae juu ya mwenzake bila nafasi. Ukimaliza, vinyuzi zenye zimesimama pitishia mkasi. Watu huchoma na kiberiti, lakini hapo gundi na kitambaa ziko karibu sana. Mkasi haijawai choma keja ya mtu.

Chini kwa sakafu ya mkebe nikatupa sumaku nimetoa kwa spika mbovu. Inajishika yenyewe kwa bati. Sindano za kushona, za chuma, zinarukia hapo na hazimwagiki hata ukipindua. Ile ya krosheti ni ya alumini, sumaku haina habari nayo, hio inasimama tu. Na kale kakifuko kadogo kanatokanga kwa boksi ya viatu, kameandikwa usile, usikatupe. Kaweke ndani ya mkebe yenye iko na kifuniko ya kukaza. Kananyonya unyevu, na vitu za chuma za ndani hazishiki kutu haraka.

Ndugu zake

Chupa ya maji ya lita tano ndo imenibamba kushinda zote. Uzi ya kufuma iko na tabia ya kutoroka. Inaanguka, inabingirika chini ya kitanda, inarudi na nywele na makombo. Kata chupa matako, ipindue mdomo chini, itundike kwa msumari, weka bunda ya uzi ndani, toa ncha kwa mdomo. Uzi inashuka venye unavuta, haijikunji, haitoroki. Mdomo ya chupa ni laini kutoka kiwandani, haing'ang'anii uzi. Penye umekata ndo pakali. Weka karatasi kwa pasi ya moto kiasi, gusisha ule ukingo sekunde mbili tatu, plastiki inajikunja ndani inakuwa mviringo. Fungua dirisha ukifanya hivo, na usizidishe, plastiki ikianza kutoa moshi ushaharibu.

Ndoo ya rangi ya lita 20 imekuwa kiti. Ilikuwa rangi ya maji, ya ukuta, ikakauka nikaibandua kama ngozi. Kifuniko nikaiwekea sponji ya vipande kutoka kwa fundi wa makochi, nikafunika na jinsi mzee, nikakaza chini na kamba. Ndani kuna uzi yote ya akiba. Kwa bedsita kitu lazima ifanye wera mbili ndio ilipe rent. Mgeni anakalia stoki yangu bila kujua.

Trei ya mayai ni 30, na hizo mashimo 30 ni rangi 30 za shanga wakati unatunga. Lakini cheki, trei ya karatasi ni meza ya kufanyia kazi tu. Ikiguswa na maji imekwisha, na ukiinua vibaya rangi zote zinasalimiana. Sistee ilimpata. Alikesha akitenganisha nyeupe na nyeupe ya maziwa, na hakuna mtu aliongea naye hadi kesho yake. Sai akimaliza kutunga anarudisha kila rangi kwa kamkebe kake ka jeli, na trei inasimamishwa nyuma ya kabati.

Zile za aiskrimu tulipaka rangi kwanza, na ikabanduka yote kwa wiki moja kama ngozi ya mtu alienda Pwani bila mafuta. Plastiki laini haishiki rangi bila kupigwa msasa iparare kwanza. Ata ukiipiga, mahali vidole zinashika patabanduka. Sasa hatupaki. Tunafunga mkanda wa kitenge na kutoboa mashimo mbili za kifungo. Ikichafuka inatoka, inafuliwa, inarudi.

Hapa usibebe ufala

Mkebe yenye ilibeba dawa ya panya, ya mende, ya mimea, ama tina ya kuchanganya rangi, hio hata usiioshe. Haina intavyuu. Na chupa ya jiki isiwai wekwa kitu ya kuliwa ama ya mtoi kuchezea, hata ukiivalisha leso ya Lamu. Mtoi anajua chupa kwa umbo yake. Siku atapata ingine kama hio ikiwa na dawa ndani, hatauliza.

Mkebe imevalishwa kitambaa na gundi haiwekwi karibu na meko wala mshumaa. Chombo ya glasi iwekwe chini, si juu ya shelfu. Ploti zetu lori ikipita kuta zinaskia. Vitu ndogo kama shanga na sumaku zikae na kifuniko ya kukaza kama kuna mtoi anatambaa. Sumaku mbili zikimezwa ni kazi ya daktari wa upasuaji.

Na ya mwisho inauma wengine: usinunue kitu ndio upate mkebe. Nimeona msupa akinunua biskuti za soo kadhaa zenye hapendi, ju ya mkebe. Hio si kuokoa takataka. Hio ni kuizaa. Dampo ya Dandora ilitangazwa imejaa 2001, na bado malori yanapanda kumwaga. Haingojei maua yetu, inangoja tupunguze yenye tunabeba kutoka duka. Kama umekosa chombo, uliza kwa ploti. Kuna mtu mlango wa nne anatupa kenye unataka.

Doo nayo?

Najua mmengoja hapa. Mikebe zenyewe si biashara kubwa, niseme ukweli. Niliuza nne kwa majirani, soo na finje kila moja, na nikihesabu gundi, kamba na saa zenye nilikaa hapo, ningefuma marvin ningepata zaidi. Mtu akikushow atakuwa sonko na mikebe za siagi, muulize ameuza ngapi.

Kuna wenye wameifikisha mbali, lakini hao waliingia na sanaa, si na maua. Cyrus Kabiru alikulia Kanairo, keja yao ikiangalia dampo, na kutoka kwa vyuma na vitu za kuokota akatengeneza miwani zake za C-Stunners zenye zimeonyeshwa majuu kwa majumba ya sanaa. Ukiangalia zile miwani hauoni msee anaficha takataka. Anataka ujue ile kitu ilikuwa nini. Nilijifunza hapo. Mkebe zetu hatufuniki zote hadi zisahaulike. Ile ya kahawa tumewacha na picha yake ya kitambo, ju ilikuwa mrembo tangu duka.

Penye doo imeingia ni penye sikutarajia. Sistee alianza kuuza bangili ndani ya mikebe ndogo za jeli, zimeoshwa, zimefungwa kitenge. Akawashow wateja wake: ukirudisha mkebe unakatiwa finje kwa bangili inayofuata. Ni ile stori ya soda ya chupa tu, enda na chupa tupu ama uwache doo ya chupa. Kila mtu mtaani anaijua, hakuna haja ya kueleza. Wateja wakarudi na mikebe, na wakirudi hawaondoki mikono tupu. Mi nayo, faida yangu ni saa. Siku hizi nikikaa kufuma naanza kufuma. Zamani nusu saa ya kwanza ilikuwa ya kusaka.

So kama uko na bunda ya mikebe chini ya sinki na unangoja siku utapata nafasi, usianze na rangi wala maua. Mwaga ile moja yenye imejaa vitu zisizojuana. Tupa betri zenye zimetoa maji, na hio funguo ya kufuli yenye hauna. Ipe mkebe wera moja, moja tu, na uiweke penye mkono wako unafika wakati unafanya hio kazi. Ikikaa wiki mbili bila kuguswa, ifute kazi, mpatie jamaa wa mkokoteni.

Ile marvin ya tano na ya sita nilikuja kuzifuma baadaye, zikanunuliwa na wasee wengine. Sindano ya milimita tano iko kwa mkebe ya leso, ya kwanza kulia ukiangalia dirisha. Naipata hata stima ikipotea.